Kitabu cha Kuku kwa Mtoto Mwenye Kipaji

Siku moja, nikiwa na miaka ishirini na mitatu, nilimshika mkono mtoto wa dada yangu nikampeleka hospitali kwa daktari wa macho. Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka minane. Kwa siku nne mfululizo kila akipewa kitabu alisema haoni, herufi zinacheza, zinapandana. Daktari akamkalisha kwenye kiti, akamwonyesha herufi za ukutani, akaanza na zile kubwa za juu mpaka zile ndogo kabisa za chini, na mtoto akazisoma zote bila kukwama. Akammulika kwa kitochi jicho moja, akammulika la pili. Kisha akanigeukia mimi.

"Dada, macho ya huyu mtoto ni mazima kuliko yangu. Nyumbani kuna nini?"

Nikamjibu kwamba nyumbani hakuna kitu. Na mwanangu, wakati nasema hivyo nilikuwa naamini kabisa.

Nakuanzia hapo kwa sababu ya swali lako la juzi. Ulikuja hapa na binti yako, ukaniambia ana miaka saba tu na anasoma mpaka maandishi ya kwenye magunia ya unga, vitabu vya darasa la nne anavimaliza, na mwalimu wake amekuita shuleni kukwambia huyu ana kipaji. Ukaniuliza, "Bibi, sasa nimtafutie vitabu gani?" Mimi nikakwambia tunywe chai kwanza. Najua ulidhani uzee umeniingia masikioni. Nilikusikia vizuri sana, ila nilikuwa namtazama mwanao. Alikuwa amefungua boksi la dawa zangu za presha, ametoa kile kikaratasi cha ndani chenye maandishi ya sisimizi, anakisoma huku amekunja uso. Nawe ukamwambia, "Acha hicho, siyo kitabu." Hapo nikajua nikikujibu harakaharaka nitakuwa nimekudanganya, na kwamba lazima nikusimulie habari za Hawa.

Hawa ni mtoto wa Dada Mariamu, dada yangu wa tumbo moja. Tuliishi sote hapa Kariakoo kwenye nyumba ya marehemu baba, nyumba ya vyumba sita na korido katikati, uani jiko na bomba, mbele baraza ya saruji. Usiitafute, sasa hivi pamesimama ghorofa na chini wanauza makava ya simu. Dada alikuwa akiuza kanga na vitenge sokoni tangu asubuhi mpaka jioni, na wakati huo alikuwa mjamzito wa miezi saba. Mumewe alikuwa akipakua mizigo bandarini. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sikuchaguliwa kuendelea, nipo nipo tu nasubiri kazi. Kwa hiyo mtoto akitoka shule alikuwa wangu.

Na alikuwa mtoto wa ajabu kweli, sitii chumvi. Nyumba ya tatu kutoka kwetu palikuwa na chuo cha Kurani cha Bi. Kidawa, mwanamke mfupi, mkali, mla tambuu, ambaye nusu ya mtaa ilipita kwenye mkeka wake. Nawe unajua mambo ya chuoni yanavyokwenda. Mtoto anasoma kwa sauti mbele ya mwalimu, anatoka sura hii anaingia ile, haruki wala haachi katikati. Akimaliza juzuu, nyumbani wanakaanga visheti wanapeleka chuoni wenzake wale. Akihitimu msahafu mzima anashonewa nguo mpya na majirani wanaalikwa. Hawa alihitimu kabla hajatimiza miaka minane. Mtaa mzima ulimzungumza, na mimi nikavimba kichwa mpaka kilango cha uani kikawa hakinitoshi.

Nikajiambia, kumbe njia ndiyo hii! Nikaichukua ile njia ya chuoni nikaihamishia kwenye vitabu vya hadithi na vya shule.

Wakati ule, karibu na Mtaa wa Msimbazi, wauza vitabu chakavu walikuwa wanatandaza maturubai pembezoni mwa barabara na kuvipanga vitabu kwa madarasa. Mwanzo wa turubai darasa la kwanza, halafu la pili, na kuendelea mpaka kidato cha nne, kwa sababu wazazi wengi walikuja na orodha ya shule mkononi. Mimi niliutembea ule mstari kama napanda ngazi. Hawa akimaliza cha fungu hili, namchukulia cha fungu linalofuata. Sheria zangu zilikuwa za chuoni zilezile. Anasoma kwa sauti, kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, haruki, haachi, na kitabu kilichokwisha harudii, maana kurudia ni kurudi nyuma. Akikimaliza nakaanga visheti. Baada ya sala ya alasiri, wazee wanapokusanyika barazani kwa kahawa, namsimamisha awasomee ukurasa wa mwisho.

"Mashallah," wanasema, "huyu atakuwa jaji huyu."

Alifika kwenye vitabu vya kidato cha pili akiwa na miaka hiyohiyo minane. Aliyasoma maneno ya baiolojia ambayo mimi mwenyewe yaliwahi kuning'oa meno darasani. Wazee wakapiga makofi, mtoto akatazama vidole vya miguu yake, na mimi nikasimama mlangoni nimejitanda kanga nacheka peke yangu. Sitaki kukuficha, mwanangu. Yale makofi niliyahesabu kuwa yangu. Shule iliyonitema nilikuwa naijibu kwa kinywa cha mtoto wa watu.

Utaniuliza kama alikuwa hana maswali. Alikuwa nayo. Mwanzoni alikuwa akisimama katikati ya ukurasa anauliza, "Mama mdogo, kwa nini mizizi haioti kwenda juu?" Nami namjibu, "Soma kwanza, maswali baadaye." Hiyo baadaye sikumbuki kama iliwahi kufika. Baadaye akaacha kuuliza, na mimi nikaona sasa ndiyo ametulia, anasoma vizuri.

Mwisho wa turubai, kupita kidato cha nne, palikuwa na vitabu visivyo vya darasa lolote, vile vya wakubwa. Nikamchukulia riwaya moja nene. Sikuifungua kuona ndani mna nini, niliupima unene wake kwa kidole nikaridhika. Hawa akaisoma kwa sauti uani wakati mimi nakaanga, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilikuwa namsikiliza, tena kwa makini, lakini nilichosikiliza ni kama atajikwaa. Hakujikwaa. Siku ya tatu alifika mahali sauti ikapungua, nikamwambia, "Paza sauti, safi, endelea." Akaendelea.

Kesho yake akasema haoni.

Nimeshakwambia daktari alisemaje. Tuliporudi nyumbani shemeji akasema hilo siyo jambo la hospitali. "Mmemtoa mno barazani mtoto wangu. Hilo ni jicho." Dada akaogopa, akaanza kulia, na mwanamke wa miezi saba akilia nyumba nzima inakosa raha. Ikakubaliwa tumpeleke kwa Bi. Kidawa amsomee dua.

Tulimkuta amekaa kwenye mkeka wake, watoto wameshatawanyika. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba. Mbona mmekuja na sura hizo?" Dada akaeleza yote, macho, daktari, jicho la watu. Bi. Kidawa akasikiliza huku anatafuna. Kisha akamwambia Dada akapumzike uani kwenye kivuli, mimi akaniacha nikae pembeni, akamvuta Hawa karibu.

Sikumwona akifungua msahafu. Alimuuliza mtoto, taratibu kama watu wawili wanaopiga soga, "Hawa, mwanangu, macho yakipona leo, kesho kutatokea nini?"

"Nitaambiwa nimalize."

"Umalize nini?"

"Kile kitabu."

"Kina nini kitabu hicho?"

Mtoto akachungulia uani alikokaa mama yake, amejishika kiuno. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mama wa mle ndani amekwenda kujifungua, akafa. Na kurasa bado zipo nyingi, na mama mdogo amesema lazima nizisome zote."

Mwanangu, ukurasa ule aliusoma kwa sauti mbele yangu. Niliusikia kwa masikio yangu haya. Mimi ndiye niliyemwambia safi, endelea.

Bi. Kidawa akamkumbatia, akamsomea dua hata hivyo, akampulizia utosini, akamwambia aende kwa mama yake. Alipotoka, yule bibi akanigeukia na tambuu akaitoa mdomoni kabisa, ndipo nikajua nimepatikana.

"Zena, nani kakwambia kitabu cha hadithi kinasomwa hivyo?"

"Nilidhani… kama hapa chuoni, mwalimu."

"Hapa chuoni mtoto anasoma maneno ya Mungu. Anayahifadhi kwanza, maana atazidi kuyajua maisha yake yote, na ndio utaratibu tuliourithi. Wewe unachukua kitabu cha mtu, mtu kakaa kwake kaandika mambo yake, unakifanyia khitma? Unakikaangia visheti?" Nikainamisha kichwa. "Ulimi wa mtoto huyu una miaka ishirini, sikatai, mimi ndiye niliyeunoa. Lakini mwenyewe ana minane. Umempa kitabu kinachoutosha ulimi, yeye ukamsahau. Hebu niambie, umewahi kumuuliza anataka kujua nini?"

"Sijamuuliza."

"Basi kamuulize. Na ukienda naye huko kwenye vitabu, mdomo wako uache nyumbani."

Nilidhani ni kazi rahisi. Jioni ileile nikamuuliza Hawa, "Unataka kusoma kitabu gani?" Akanijibu, "Chochote utakachosema." Nikamuuliza kwa namna nyingine, akanijibu hivyohivyo. Nikagundua kwamba nimemfundisha kila kitu isipokuwa kutaka. Hilo lilinishtua kuliko hata lile la kwanza, kwa sababu lile ningeweza kusema ni bahati mbaya.

Jumamosi nikampeleka Msimbazi. Nikamwambia, "Leo chagua mwenyewe," kisha nikaufunga mdomo wangu kama nilivyoagizwa. Ilinitesa, nakwambia. Kila alipogusa kitabu alinitazama usoni aone kama nimefurahi, na mimi nikajifanya natazama mikokoteni inapita, natazama mwanamke anayepanga ndimu, natazama angani. Akapita darasa la kwanza, akapita la saba, akapita vidato vyote. Nyuma ya turubai kulikuwa na lundo ambalo muuzaji hakulipanga, takataka zake: vitabu vya ushonaji, vya mapishi, vya kutengeneza redio, vingine bila jalada. Hawa akachuchumaa pale.

Akatoa kijitabu chembamba, kimechanika pembe, cha ufugaji wa kuku.

Mtoto wa baiolojia ya kidato cha pili! Nitawaambia nini wazee wa barazani, amesoma namna ya kuchanganya pumba? Lakini nikang'ata ulimi. Na nilipomtazama vizuri nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona. Hawa alikuwa anasoma kimya. Midomo haichezi. Alikuwa kwenye kurasa zenye michoro ya yai lililokatwa katikati, siku ya tatu, siku ya saba, siku ya kumi na nne, mpaka kifaranga anapotoka. Alikuwa anaupitishia mchoro kidole, anarudi ukurasa wa nyuma, anakwenda mbele tena. Nikawaza, yuko wapi huyu mtoto sasa hivi? Nilitamani kuingia humo kichwani mwake nichungulie. Miezi yote niliyokuwa namsomesha sikuwahi kujiuliza swali hilo.

Watu walipita, jua likasogea, muuzaji akachoka. "Dada, mtoto anakimaliza hapahapa."

Hawa akainua kichwa. "Mama mdogo, hiki."

"Sawa."

"Nikikiacha katikati je?"

"Kiache."

"Na nikisoma ukurasa mmoja tu kila siku, huu wa mayai?"

"Soma huohuo."

Akanitazama kwa mashaka, kama anayesubiri nicheke. Nilipoona hivyo nikataka kulia palepale mbele ya watu.

Nyumbani maswali yalirudi, na safari hii sikuyaahirisha. Kifaranga anapumua vipi mle ndani? Sijui. Anajuaje kwamba siku ya kutoka imefika? Sijui, kitabu kinasemaje? Kinasema anagonga ganda kwa mdomo. Sasa kuku mama anaumia? Nikasema sidhani. Akarudi kwenye mchoro wa yai, kisha akauliza, "Kuku mama huwa anakufa?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mtoto wa mjini, asiye na hata kuku mmoja, amechagua kitabu cha kuku.

Sikumjibu mimi. Nilimshika mkono nikampeleka chumbani kwa mama yake, nikamwambia, "Muulize mama." Akasimama pale na kijitabu chake kifuani akauliza swali lilelile, ila safari hii hakusema kuku. Dada alicheka kwanza, kisha machozi yakamtoka, kisha akamkalisha kitandani na kumwekea mkono tumboni. Akamweleza siku aliyozaliwa yeye Hawa, alivyoumwa, alivyopiga kelele hadi akaona haya, na alivyokula wali na mchuzi baada ya saa mbili tu. "Na mimi niko hapa," akamwambia. "Si unaniona?"

"Nakuona," Hawa akasema. Hakuna aliyezungumzia tena habari za macho.

Dada alipokwenda kliniki alimchukua, na huko Hawa akamuuliza nesi maswali mpaka nesi akasema huyu nimwazime koti langu jeupe, aje afanye kazi yangu. Dada akajifungua salama. Ile riwaya nene niliirudisha kwa muuzaji mwenyewe, na barazani sikumsimamisha mtu tena.

Baada ya hapo nikawa namfuata badala ya kumvuta, na mwanangu, njia aliyopita sikuweza kuitabiri hata siku moja. Kutoka kwenye kuku aliingia kwenye joto la kuangulia mayai, kutoka kwenye joto akataka kujua majiko, halafu ghafla akarudi kwenye kitabu cha hadithi cha darasa la pili chenye picha za rangi akakisoma labda mara kumi, anacheka palepale kila mara. Zamani ningekinyang'anya. Akiwa na miaka kumi na mitatu akaja na kitabu cha baiolojia, kilekile alichowasomea wazee, akaniuliza, "Mama mdogo, kwa nini hukuniambia kwamba hiki ni kitamu?"

Sasa ningependa nikomee hapo, maana ningeonekana nimeyatengeneza yote niliyoyaharibu. Lakini nitakuwa nimekupa nusu.

Mwaka jana Hawa alimfanyia binti yake sherehe ya kuagwa kabla ya harusi. Ni mtu mzima sasa, nyumbani kwake vitabu vimejaa hadi juu ya friji, na katika ukoo wetu hakuna anayesoma kama yeye. Alikuwa ameandika maneno ya kumuaga binti yake, karatasi mbili, kwa mkono wake. Mshereheshaji akamwita. Akasimama, akashika maikrofoni, akazifungua zile karatasi, na ukumbi mzima ukanyamaza kumsikiliza. Hakutoa sauti. Bibi harusi alikuwa anamtazama mama yake, anasubiri. Kisha Hawa akashuka, akapita katikati ya meza mpaka nilipokaa, akainama sikioni kwangu.

"Mama mdogo, nisomee. Mimi siwezi."

Nikasoma. Maneno ambayo mama alimwandikia binti yake, binti yake aliyasikia kwa sauti yangu mimi. Hawa hajawahi kunilaumu hata kwa utani, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu najua nani amemfanya aogope kusoma mbele za watu.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu. Hukuniuliza habari za Hawa, uliniuliza vitabu, nami majina ya vitabu sina. Kabla hujatazama mtoto anaweza kusoma nini, tafuta kwanza anataka kujua nini, na ukimuuliza akakosa jibu, nenda naye palipo na vitabu vingi, simama kando, tazama mkono wake unakwenda wapi. Kikiwa chembamba, chukua. Kikiwa cha watoto wadogo, chukua pia, kwani mtoto mwenye kipaji bado ni mtoto na ana haki ya utoto wake. Kikiwa kinene na cha wakubwa, usikikatae, ila kisome wewe kwanza, ujue ndani kuna nani anayekufa, ili akifika hapo akukute umeshafika. Akikiacha katikati usimfuate na kiboko cha maneno. Akiuliza swali usilolijua, sema sijui, na utashangaa jinsi neno hilo linavyomfurahisha. Na nakuomba sana, usimsimamishe mbele ya wageni. Kusoma kwake kuache kuwe kwake.

Mungu akukuzie binti yako, ampe macho yasiyochoka na moyo usioogopa kuuliza. Nawe akupe subira ya kukaa karibu naye ukiwa kimya, na siku atakayotaka kukusomea kitu kwa hiari yake, akujalie uwe na nafasi ya kumsikiliza mpaka mwisho. Amina.